Kadi ya Sauti na Hela ya Sare

Kwaya ninayoirekodi haifuati kalenda, inafuata mwezi. Waimba besi wote, na waimba tenor karibu wote, ni wavuvi wa dagaa hapa Kirumba, Mwanza, na dagaa hufuata taa kukiwa na giza. Mbalamwezi ikishatanda, karabai na taa za sola hazina kazi tena. Mitumbwi inavutwa ufukweni, nyavu zinashonwa, wanaume wanakumbuka kuwa wana Mungu. Ndizo siku za kurekodi. Giza likirudi unabaki na soprano na alto, pamoja na mwalimu wa kwaya anayeimba besi kwa huruma tu.

Studio yangu ni chumba kimoja, si mbali na soko la Mwaloni. Ukutani nimebandika trei za mayai. Hazizuii kelele hata kidogo, ila zinazuia maswali: mteja akiziona anaamini yuko studio. Kompyuta ni mtumba wa ofisini, ile bapa inayolaliwa na skrini juu yake. Maiki nilikuwa naichomeka kwenye lile tundu la pinki la nyuma, na tundu lile lina mambo yake. Sauti inapita kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, pembeni ya kila kitu kinachofanya kazi humo ndani, na kila kimoja kinachangia neno. Ukisogeza mausi, inalia kwenye wimbo. Hadi diski ikifikiri, unaisikia inavyofikiri. Chini ya yote hayo kuna mvumo wa umeme wenyewe, hezi 50, haupumziki hata kwenye pambio la kuabudu.

Mwenyekiti wa kwaya alisikiliza wimbo wao wa kwanza kichwa kikiwa kimeinama, akamaliza, akaniuliza kwa upole:

"Kijana, huyu mbu anayeimba na sisi ni wa usharika gani?"

Kulikuwa na tatizo jingine pia. Sauti ilikuwa ikiingia kwenye kompyuta, inazungukazunguka humo, ndipo itoke kwenye hedifoni. Mwimbaji kiongozi akiimba "Bwana", anajisikia amesema "Bwana" baadaye kidogo. Basi dada wa watu akawa anajisubiri. Anaimba neno, anasimama, anasubiri limfikie, ndipo anaendelea. Wimbo wa dakika nne ukawa unaelekea kuwa ibada.

Dawa ilikuwa kadi ya sauti, kile kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta kushughulikia sauti peke yake. Kwaya ikachanga hela, tukaenda mjini mimi na Mwenyekiti, yeye akiwa na hela, mimi nikiwa na utaalamu. Maeneo ya Makoroboi kuna fundi anayefumua kompyuta za zamani na kuuza viungo vyake. Akatutolea kadi kutoka kwenye boksi la viatu, ndefu ya kutosha, nyuma ina matundu ya kuingizia na kutolea sauti.

"Hii ndiyo kadi ya kurekodia," alisema. "Biti 24, kilohezi 96. CD yenyewe ni biti 16, kilohezi 44.1."

"Kwa hiyo sisi tutakuwa juu ya CD?" Mwenyekiti akauliza.

"Mzee, hata pumzi itasikika."

Tuliona ametupa habari njema. Hakuna aliyefikiria kuwa ni onyo.

Nyumbani nikachomoa waya wa umeme, nikafungua mfuniko, nikashika bodi la chuma la kompyuta kwa mkono mmoja na kutulia. Ndivyo inavyotakiwa, kutoa umeme wa mwilini kabla hujagusa kadi, maana cheche ambayo hata wewe huisikii inaweza kuua chipu. Mwenyekiti aliponiona nimeweka mkono juu ya kompyuta nimenyamaza, akavua kofia. Nilipouondoa akasema "Amina."

Ndani kulikuwa na sloti mbili, yaani nafasi za kuchomekea kadi, moja nyeusi na moja nyeupe. Nyeusi ni ya PCI Express, ya kizazi kipya. Kadi yetu ilikuwa PCI ya zamani, ile iliyoanza mwaka 1992, nayo huingia kwenye nyeupe peke yake. Meno yake na ya ile nyeusi hayafanani, ukilazimisha unavunja. Nikaipanga kwenye nyeupe, nikabonyeza pande zote mbili kwa usawa, ikaingia. Mwenyekiti akapiga makofi. Nikachukua mfuniko nifunge.

Mfuniko ukakataa.

Kompyuta zile bapa, kumbe, zinataka kadi fupi, za kimo cha milimita 64. Kadi ya kawaida ina 107. Yetu ilikuwa imesimama katikati ya kompyuta imepita kingo zote, na kile kibati chake cha nyuma hakikupata hata pa kufungwa skrubu. Nikampigia fundi.

"Ng'oa kibati," alisema. "Mfuniko achana nao. Kompyuta nayo inahitaji hewa."

Kadi isiyo na skrubu haikai. Ukigusa waya wake inainama, ikiinama kompyuta inaganda. Nikaenda kwa kijana wa bodaboda, akanipa ule mpira anaofungia mizigo, uliokatwa kwenye tyubu. Nikaifunga kadi kwa mpira huo, fundo mbili. Kama unafunga magunia ya dagaa kutoka Mwaloni hadi Igoma, kadi ya sauti itakushinda nini?

Ikabaki draiva, ile programu ya kuitambulisha kadi kwa kompyuta. Iliyokuja na kadi ilikuwa ya Windows ya biti 32 na kompyuta yangu ni ya biti 64, kwa hiyo kadi ilikuwa inaonekana lakini haitambuliki. Nikaanza kuitafuta inayofaa kwenye intaneti kwa bando la kudunduliza. Inashuka, inakatika, inaanza upya. Huku nje mwezi unapungua. Kila jioni Mwenyekiti alikuwa anapita mlangoni, anatazama juu, ananitazama mimi, anaondoka bila neno.

Siku kadi ilipokubali kufanya kazi, mwezi haukuwepo kabisa.

Kikao kikaitishwa. Usiku wa giza ni usiku wa hela. Kumwambia mvuvi aache maji usiku huo ni kumwomba mshahara. Mwenyekiti akatumia Maandiko, akatumia na ukali, ikaamuliwa wautoe usiku mmoja kuwa sadaka. Wakaja. Wakapanga mstari nyuma ya maiki, macho yote dirishani, maana huko nje ziwa lilikuwa limewaka taa za wenzao utadhani kuna mji mpya umejengwa kati ya hapa na visiwani.

Lakini kurekodi, jamani! Maiki kwenye miksa, miksa kwenye kadi, maana kadi za aina ile hazipokei maiki moja kwa moja, sauti lazima inyanyuliwe kwanza. Nikashusha bafa, yaani kile kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukipitisha, hadi sampuli 256, ucheleweshaji ukawa milisekunde chache tu, kitu ambacho sikio la binadamu halishughuliki nacho. Dada kiongozi akavaa hedifoni, akaimba mstari mmoja, akaacha kujisubiri. Akafumba macho. Besi wakasahau dirisha. Mbu wetu wa hezi 50 alikuwa amepungua mpaka ukimtaka lazima umtafute. Wimbo ukaisha kwa lile "Amina" refu, nami nikainua mkono watu wasisogee mpaka mwangwi ukatike.

Ndipo wakaingia wadudu wa ziwani.

Asiyekaa ufukweni huku ataona natia chumvi. Wadudu hawa hawaumi. Wanazaliwa majini, wanapanda kwa pamoja hewani hadi ukiwaona mchana kwa mbali unadhani ziwa linafuka moshi, na sana sana hutoka kipindi cha mwezi mchanga. Usiku wanafuata taa. Na sisi tulikuwa tumeacha dirisha wazi kwa sababu watu waliokuwemo wangetosha kujaza daladala na bado kondakta angeomba wasogee.

"Funga mdomo! Zima taa!" Sijui nani alipiga kelele hizo, ila alishauri vizuri. Taa ikazimwa. Wadudu wakahamia kwenye skrini. Mwalimu akavua koti, akaifunika skrini. Kikabaki kitaa kimoja cha kijani ndani ya kompyuta, na kompyuta haikuwa na mfuniko. Wakaingia huko wote. Pembeni ya kile kitaa kuna feni. Feni ikabadilisha sauti, kutoka vvvv ikawa rrrr, ikawa kama inatafuna.

Tulikaa gizani muda mrefu tu, nguo usoni, tukisubiri wapite. Na watu wakikaa gizani, huongea.

Programu ya kurekodi nilikuwa sijaizima.

Taa iliporudi nikasimamisha, nikahifadhi faili, nikapangusa kibodi. Wote wakataka kujisikia. Nikaweka kwenye spika kubwa. Wimbo ulipoanza, nakwambia, hakuna aliyepumua. Ilisikika kila sauti mahali pake. Ilisikika hata alto mmoja ambaye, tangu wimbo ule utungwe, alikuwa anaimba "tutavuka na mbuzi" badala ya "tutavuka na Mwokozi". Zamani kelele ilikuwa inamsitiri. Mwalimu alimgeukia taratibu, akamtazama kwa huzuni kubwa.

"Amina" ikapita. Mimi nilikuwa nachokoa wadudu kwenye feni kwa njiti ya kiberiti, sikuwahi kusimamisha. Spika zikaendelea. Kofi. Mtu anatema. Kisha sauti ya mwalimu, safi kabisa, biti 24:

"Angalau Mwenyekiti naye amefunga mdomo. Huu wimbo ungetoka mzuri zaidi tangu mwanzo."

Chumba kikawa kimya. Mwenyekiti hakugeuka. Ikafuata minong'ono miwili ya kike, karibu sana na maiki, na mmoja tuliutambua sote kuwa wa Mama Mhazini:

"Ile hela ya sare usiniulize, mwenzangu. Ile imekwenda kwa kuku, yaani..."

Hapo Mama Mhazini akasimama ghafla akisema anajisikia joto, mguu wake ukapita kwenye waya wa miksa. Waya ukavuta kadi, mpira wa bodaboda ukanyumbuka kama ilivyo kazi yake, kadi ikachomoka nusu, skrini ikaganda. Spika zikabaki na mlio mmoja tu, "yaaaaaaaa", mpaka nilipochomoa umeme.

"Kwa kuku?" Mwenyekiti akauliza hewani.

Hakuna aliyejibu. Wavuvi waliwahi kuaga, nadhani wengine walikimbilia mitumbwini kuokoa nusu ya usiku.

Alfajiri niliitoa kompyuta uani, nikaipindua, nikaigonga mgongo. Walitoka wadudu wa kujaza sufuria. Kuku wa jirani wakaja mbio bila kuitwa. Nikaichomeka kadi upya, kompyuta ikawaka, faili ipo salama yote. Nilikuwa bado nimechuchumaa pale Mama Mhazini alipofika, mkononi ana sato mkubwa aliyepitishwa kamba kwenye matamvua. Huyu ni wa umri wa mama yangu, lakini asubuhi ile kidogo aniamkie yeye.

Alinieleza mwenyewe, sikumuuliza. Hela ya sare aliinunulia dagaa wabichi, awaanike, awauze, arudishe hela na faida ibaki kwake. Mvua ikanyesha kabla hawajakauka. Dagaa wakiloa hivyo hawapati mlaji. Aliwauza kwa bei ya kutupa kwa watengeneza chakula cha kuku.

"Kwa hiyo zile sare, mwanangu, zipo," alisema akitazama kuku wa jirani wanavyodonoa. "Zimechelewa tu. Ukikutana na kile kipande, kifute."

Sato akabaki kwangu. Mke wangu alimchemsha na nyanya na limau, akasonga ugali. Tulikuwa ndiyo kwanza tumekaa mkekani Mwenyekiti akabisha hodi. Alifungua leso, ndani yake mna flashi.

"Wimbo baki nao," alisema. "Nikatie kile kipande cha gizani, kuanzia kwa mwalimu. Kile cha kuku uniwekee mara mbili, isije ikapotea."

"Karibu chakula kwanza, Mzee," mke wangu akamwambia.

Alinawa, akakaa, akaanzia kichwani. Alikula kwa utulivu hadi akafika kwenye shavu la samaki, akanyonya, akaweka mfupa pembeni.

"Sato wa namna hii hanunuliwi," alisema. "Huyu ameletwa. Nani kamleta?"

Mke wangu akamwongezea ugali.