Nesi atibu au aandike rufaa? Mimi naona jicho na sikio tuyatenganishe

Ubishi huu ni wa siku nyingi. Nesi wa zahanati akiletewa mtoto mwenye sikio linalotoa usaha, au mama mwenye jicho jekundu, atibu au aandike rufaa? Madaktari bingwa wengi watakwambia aandike rufaa, kwa sababu macho na masikio chuoni kwake vilikuwa vipindi vichache tu. Walioko vijijini wanajibu, rufaa ya kwenda wapi sasa? Wote wana hoja, ila tunabishana utadhani jicho na sikio ni kitu kimoja, kisa tu kwenye masomo ya uuguzi vimewekwa sehemu moja.

Hoja ya mabingwa ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Jicho jekundu ni dalili tu, ugonjwa wenyewe uko nyuma yake. Inaweza kuwa maambukizi ya virusi yanayopona yenyewe, kama yale yaliyoisumbua Dar es Salaam Januari 2024. Inaweza pia kuwa kidonda kwenye kioo cha jicho, mkulima kachapwa na jani la mahindi fangasi wakaingia, au kirusi cha hepesi, au presha ya jicho iliyopanda ghafla, na huyu wa mwisho anakuja kichwa kinamuuma anatapika, kitu cha kwanza anapimwa malaria. Bila taa nzuri vyote hivyo vinafanana. Sasa mtu anatoa yale matone ya antibayotiki yaliyochanganywa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, kwa sababu wekundu unaondoka haraka na mgonjwa anarudi kushukuru. Kama kulikuwa na hepesi au fangasi, steroidi inashusha kinga ya jicho, kidonda kinazidi kuchimba huku nje jicho linaonekana limetulia, mwisho kioo kinabaki na kovu jeupe au kinatoboka kabisa. Na yule anayetumia matone hayo mwezi baada ya mwezi kwa ajili ya aleji, presha ya jicho inaweza kupanda taratibu bila maumivu yoyote, na uoni uliopotea kwa glakoma, yaani presha ya jicho inayoharibu mshipa wa kuona, haurudi.

Halafu kuna mtoto ambaye mama yake anasema akipigwa picha jicho moja linang'aa kama la paka. Hiyo inaweza kuwa retinoblastoma, saratani inayowapata zaidi watoto chini ya miaka 5. Ikiwahiwa mtoto anapona, ikichelewa inatoka nje ya jicho na kuua. Ukimpa huyu tyubu ya tetrasaiklini, antibayotiki ya kupaka, ukamwambia mama arudi baada ya wiki mbili, bingwa wa hospitali kubwa kama KCMC au Muhimbili akija kukasirika ana haki kabisa.

Haya, upande wa pili. Rufaa ni karatasi, haina nauli ndani yake. Mgonjwa anapiga hesabu ya basi, siku za shamba zitakazopotea, pa kulala mjini, na uwezekano wa kufika akaambiwa kliniki ya macho ni Jumanne tu. Anakata kona anaingia duka la dawa anapewa matone yale yale tuliyomkataza nesi, au anarudi nyumbani kutia chai ya rangi na maziwa ya mama. Kumfunga nesi mikono hakumpeleki mgonjwa kwa bingwa, na hili mabingwa huwa wanalirukia juu juu.

Tena kuna mifano. Kwenye trakoma, ugonjwa wa kuambukiza unaoacha makovu ndani ya kope, ule upasuaji wa kope zilizogeukia ndani zinazokwangua kioo, Ethiopia na hapa Tanzania umefanywa miaka mingi na wauguzi na watumishi wa kada za kati waliofundishwa kazi hiyo, hakuna aliyesubiri mabingwa watoshe. Lakini hapo hapo pia kuna onyo, kwa wagonjwa wengine kope zinarudi ndani tena, na kwa wapasuaji wengine zinarudi zaidi kuliko kwa wenzao. Semina ya mara moja halafu cheti, bila mtu wa kukusimamia, hapo hujafundisha.

Kwenye masikio ndo naachana kabisa na mabingwa. Sikio la mtoto likitoa usaha kwa wiki 2 au zaidi, mwongozo wa IMCI, ule wa kutibu magonjwa ya watoto vituoni, uko wazi na kazi yenyewe ni ya uuguzi hasa. Unasokota kitambaa safi kinachonyonya, unakiingiza, unakitoa kimelowa, unaweka kingine mpaka kitoke kikavu, mara 3 kwa siku, ndipo unatia matone ya antibayotiki ya kundi la kwinoloni kama siprofloksasini kwa wiki 2. Bila kukausha, dawa inaelea juu ya usaha haifiki inakotakiwa. Atakayeifanya kazi hiyo nyumbani ni mama, na wa kumwelekeza polepole mpaka ajue ni nesi, bingwa mwenye foleni ya watu mlangoni muda huo anautoa wapi? Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazozuilika. Na wengi wa watoto hao darasani wanaitwa wakaidi tu aisee.

Mitego ipo, sikatai. Matone ya antibayotiki ya gentamaisini kwenye ngoma ya sikio iliyotoboka yanaweza kuua usikivu. Sikio ambalo ngoma yake ina tundu hulisafishi kwa kulipiga maji, punje ya maharage iliyokwama sikioni nayo huipigi maji maana itavimba humo humo, na betri ndogo ya saa ni rufaa ya siku hiyo hiyo. Uvimbe unaouma nyuma ya sikio, dozi ya kwanza ya antibayotiki halafu gari. Haya yanafundishika. Kinachokosekana mara nyingi ni otoskopu, kifaa cha kuchungulia ndani ya sikio, au ipo na betri zilishakufa zamani, wakati vifaa vidogo vya sola kama Arclight, vya kuangalia jicho na sikio vyote, vipo na bei yake sio ya kutisha.

Kwa hiyo kwangu, sikio nesi atibu kwanza, rufaa ifuate likigoma au likitoa harufu mbaya isiyoisha. Jicho apime kwanza, yaani chati ya herufi E ya kupima kuona ukutani, mita 6, jicho moja moja, kabla hajagusa dawa yoyote. Kuona kumepungua, maumivu makali, mwanga unamchoma, doa jeupe kwenye kioo, mboni nyeupe, au kichanga chini ya siku 28 anatoa usaha machoni, hao wote waende haraka. Waliobaki wapewe antibayotiki ya kawaida na waambiwe siku ya kurudi. Matone ya steroidi yasikae zahanati kabisa, na hapo simdharau nesi, hata daktari wa kawaida asiye na taa ya kuchunguzia kioo nisingemwachia.

Ila mabingwa nao wana deni. Rufaa zinaenda, majibu hayarudi. Nesi aliyeandika "jicho la kulia 6/60, maumivu siku 3" (6/60 ni kuona kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima anakiona kwa mita 60) hajui kama ilikuwa glakoma kweli au kidonda au kitu kingine kabisa, na mgonjwa wa namna hiyo akija tena mwakani atamwangalia kwa ujuzi ule ule wa mwaka jana.