M87 ni zaidi ya ule mduara wa moto

Ikikaribia Aprili tu ile picha inarudi kwenye mastatasi na magrupu ya watsapu, ule mduara wa rangi ya chungwa wenye giza katikati, na chini yake mtu kaandika "shimo jeusi la kwanza kupigwa picha", basi, mada imeisha hapo. Mimi ile picha ya tarehe 10 Aprili 2019 naipenda sana, nilivyoiona mara ya kwanza nilishindwa kulala. Lakini nasema wazi, imetufunika macho. Shimo lile, yaani kitu chenye mvutano mkali ambao hata mwanga hauponyoki, lina galaksi yake (mkusanyiko mkubwa wa nyota), inaitwa M87, galaksi duaradufu iliyokaa pale kati ya kundi kubwa la galaksi tunaloliona upande wa nyota za Mashuke (Virgo), umbali wa kama miaka milioni 54 ya nuru, yaani mwanga wake unasafiri miaka yote hiyo kutufikia, na kwa maoni yangu galaksi yenyewe na hilo kundi lake ndo vina mambo mazito kuliko ule mduara.

Hebu angalia vipimo. Mwanga unakatiza ule mduara kwa siku nne hivi. Kuikatiza galaksi nzima mwanga huohuo unahitaji miaka laki kadhaa. Yaani tumeshika chembe ndogo kabisa ya katikati, tukaiprinti kwenye matisheti, halafu nyota zinazokaribia trilioni moja zilizoizunguka hamna anayezitaja!

Najua sababu. Galaksi duaradufu haina sura ya kupamba kalenda. Haina ile mikono iliyojikunja ambayo kila kitabu cha shule kinaichora, ukiitazama ni doa la mwanga tu, kali katikati halafu linafifia taratibu kwenda pembeni mpaka hujui limeishia wapi. Nyota zake hazizunguki kwa pamoja kwenye sahani moja kama huku kwetu Njia Nyeupe, kila moja ina njia yake, hii inapanda ile inashuka nyingine inakatiza, na nyingi ni za zamani sana. Ndo maana watu wanaziita galaksi zilizokufa, neno ambalo silipendi hata kidogo, maana ukichunguza utakuta M87 imekula galaksi nyingine nyingi mpaka kufikia ukubwa huo. Ushahidi upo wazi: sisi tuna vishada mviringo, yaani mafungu ya nyota zilizobanana kama mpira, kama 150 na kidogo, yenyewe ina zaidi ya 10,000, na wingi huo hauji hivihivi, sehemu kubwa vimetoka kwa galaksi ndogo zilizomezwa. Mwaka 2015 watafiti waliofuatilia mwendo wa mabaki ya nyota zinazokufa pembezoni mwake walionyesha kwamba kuna galaksi nzima iliyomezwa ndani ya miaka bilioni moja iliyopita tu. Hiyo kwa mahesabu ya anga ni juzi.

Aliyeiandika kwa mara ya kwanza alikuwa Charles Messier kule Paris, usiku wa tarehe 18 Machi 1781. Alikuwa anawinda vimondo vyenye mkia, na madoa yasiyosogea yalikuwa yanamsumbua, kwa hiyo akawa anayaorodhesha ili asipoteze muda nayo tena. Usiku ule mmoja aliandika manane kwenye eneo hilohilo la anga, na M87 ikiwemo. (Siku tano nyuma yake William Herschel alikuwa ameiona sayari ya Uranus kule Uingereza, wiki ya ajabu ile.) Hakuna aliyejua kwamba rundo lile la madoa ni kundi la galaksi zaidi ya 1,000. Halafu 1918 Heber Curtis wa Lick Observatory, California, akiangalia picha za darubini akaona kwenye M87 mstari mwembamba ulionyooka unatoka katikati, akaandika kwamba kuna mwali wa ajabu pale, akaendelea na kazi zake. Ule mwali leo tunajua una urefu wa kama miaka 5,000 ya nuru na unarushwa kutoka jirani kabisa ya lile shimo jeusi karibu na kasi ya mwanga. Zaidi ya miaka 100 kabla ya mduara kuwa maarufu, kitu chenyewe kilikuwa kishaonekana kwenye kioo cha picha.

Sasa hapa ndo pananiuma mimi kama mtu wa pwani ya Afrika Mashariki. Katikati ya galaksi za kundi lile hamna utupu kama tunavyodhani, kuna gesi, nyembamba sana lakini ya moto wa mamilioni kwa mamilioni ya digrii, na ukiikusanya yote uzito wake unazidi nyota zote za kundi zima. Gesi ya joto hilo haitoi mwanga wa macho, inatoa eksirei, na eksirei kutoka angani hazipenyi hewa yetu, lazima upande juu ukazipokee. Miaka ya 60 walikuwa wanarusha roketi zinapanda na kushuka, wanapata dakika chache za kuangalia basi. Mpaka tarehe 12 Desemba 1970, Kenya inaadhimisha miaka 7 ya uhuru, ikarushwa satelaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu, na ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lile la Waitaliano lililosimama baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Wakaipa jina Uhuru kwa sababu ya siku yenyewe. Sababu ya kuja kwetu ilikuwa ya kisayansi kabisa: pale ni karibu na ikweta, mzunguko wa dunia unaipa roketi msukumo wa bure, na njia ya kuzunguka juu ya ikweta inaiepusha satelaiti na mionzi inayovuruga vipimo.

Kile kidude kilikuwa na uzito wa kilo 140 na ushee. Kilijizungusha polepole kikilichana anga kipande kwa kipande, na kilipomaliza kazi 1973 kilikuwa kimeacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Kati ya hivyo, makundi ya galaksi, Virgo likiwemo, yalionekana yanang'aa kwa eneo pana, sio nukta moja, na hapo ndo wanasayansi wakaanza kuelewa kwamba kuna gesi imejaa kotekote. Riccardo Giacconi aliyeongoza timu ile alipata Nobel 2002. Mimi nimekutana na watu waliokulia Malindi hawajawahi kuambiwa hii habari na mwalimu hata mmoja, wakati kuhusu mduara wa 2019 wanajua vizuri tu.

Na gesi ile ndo inaleta swali ambalo kwangu ni tamu kuliko yote. Pale karibu na M87 imebanana, inatoa eksirei, maana yake inapoteza joto muda wote. Ilitakiwa iwe imeshapoa zamani, iangukie katikati, izae nyota mpya kwa fujo. Mbona M87 karibu haizai nyota? Jibu linaloonekana kwenye picha za Chandra, darubini ya eksirei iliyorushwa 1999, ni ule mwali wa Curtis. Unasukuma gesi, unapuliza mapovu makubwa, unatuma mawimbi ya mshtuko, kuna duara moja la mshtuko linaloonekana limeenea mbali sana kutokana na mlipuko wa zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita. Ni kama mtu anayepika wali kwenye jiko la mkaa: gesi ikipoa inaanguka kwa shimo, shimo linashiba linapuliza, gesi inapata moto inaacha kuanguka, shimo linatulia, mzunguko unaanza upya. Joto lenyewe linasambaa vipi hasa, kwa mawimbi au kwa mapovu yanavyopanda na kukoroga, wataalamu bado wanabishana. Lakini fikiria tu, kitu ambacho mwanga unakikatiza kwa siku chache tu kinaamua kama galaksi ya trilioni ya nyota izae au isizae. Hii ndo habari ya shimo jeusi la M87, na bila galaksi na gesi yake huwezi hata kuianza.

Kwa hiyo nyie mnaoendesha peji za sayansi kwa Kiswahili, na walimu wa fizikia, nawaomba, mkiposti mduara postini na picha nzima ya galaksi pembeni, na Ngomeni muitaje.

Na anayetaka kuiona mwenyewe asisubiri Aprili, mwezi huo mvua za masika zinaharibu. Subiri mwanzoni mwa Juni, saa mbili usiku, sehemu isiyo na taa. Ukiwa Nairobi au Dar eneo lenyewe linakuwa juu sana, limeinamia kaskazini kidogo tu. Tafuta Denebola, nyota ya mkia wa Simba, halafu Vindemiatrix ya Mashuke upande wa mashariki yake, elekeza darubini katikati ya hizo mbili. Ya inchi 4 inatosha. Utakutana kwanza na madoa mawili yaliyokaribiana, hayo ni M84 na M86, galaksi nyingine za kundi lilelile, sogea mashariki kidogo, zaidi ya upana wa mwezi mara mbili hivi, doa la duara linalofuata ndo lenyewe. Mwali hautauona kwa darubini ndogo, huo unahitaji kioo kikubwa au kamera.