Tunda Kreti 40

Nilipopandishwa cheo kuwa meneja wa stoo ya matunda hapa Kampala, kosa langu la kwanza lilikuwa kuhudhuria semina. Siku mbili nzima tuliambiwa meneja bora hamgandi mfanyakazi kama kupe: hutoa agizo fupi, akamwachia kazi mwenyewe. Nilitoka pale nimeiva.

Kesho yake nikamwita mama mtunza stoo, Mganda wa Masaka, mchapakazi kutushinda sote. "Nnyabo, kuanzia leo nakuamini. Nikikutumia ujumbe, tekeleza. Usinipigie kuniuliza-uliza." Akapiga goti kidogo, kama adabu yao ilivyo. "Kale, ssebo," yaani sawa, bwana. Kiswahili changu cha Tanga hakikunipa wasiwasi. Si ndiyo lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba iliporekebishwa 2005? Basi.

Alhamisi tulikuwa na mananasi ya Kayunga, kreti 40, ya mteja wa Juba. Lori lilikuwa lije saa kumi jioni. Mimi nikawahi Entebbe kufuata cheti cha afya ya mimea, maana bila karatasi ile mzigo utaozea mpakani Elegu. Nikiwa kwenye foleni nikataka kumkumbusha mama kwamba matunda yale yakae mpaka lori lije. Lakini semina ilisema ufupi! Hata "ma" ya matunda nikaiona israfu. Nikatuma: "Tunda kreti 40. Subiri saa kumi."

Sasa, kwa msiojua Kiganda: kwao "tunda" haliliwi. "Tunda" ni amri, uza! Na "suubira" ni tarajia. Kwa hiyo mama wa watu alisoma kwamba auze kreti 40, halafu anitarajie saa kumi.

Sijapata kuona agizo lililotekelezwa vizuri vile. Nilifika saa kumi kasoro robo, nikakuta stoo imefagiliwa, mngeweza kuchezea ndondo mle ndani. Mama ameketi juu ya kreti tupu, kavera, mfuko wa plastiki, ya noti mapajani. "Ssebo, tulimaliza saa nane." Nyuma yangu dereva wa lori alikuwa anafungua turubai.

Tukakimbilia soko la Nakawa. Wachuuzi walipoona mtu mwenye tai anatafuta mananasi 800 kabla ya magharibi, bei ikapanda mbele ya macho yangu. La kwanza nililonunua lilikuwa letu kabisa, nalilipia mara mbili ya bei tuliyouza. Mengine yalishamenywa, yamekatwa vipande, yanangoja abiria wa matatu. Ikabidi nijifiche nyuma ya lori, mama atangulie. Akabishana, akacheka, akajifanya anaondoka, akaapa kwa wajukuu. Saa mbili usiku tulikuwa na kreti 33. Juba nilipiga simu mwenyewe, niliyoambiwa hayaandikiki.

Njiani nikamuuliza kwa nini hakunipigia kuhakikisha.

"Si ulinikataza, ssebo?" Akanyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama kamisheni yake itakuwa ya kuuza, ya kununua, au zote mbili.

Nililipa zote mbili. Siku hizi kabla sijatoka namwomba anirudishie agizo kwa maneno yake, naye hufanya hivyo taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Na mlangoni pa stoo amebandika karatasi, kwa mkono wake: HAPA TUNDA SI TUNDA.