Tarehe ni ya mwenye sherehe

Kila Aprili 26 sisi wa Dodoma tungekuwa na haki ya kushangilia mara mbili. Mwaka 1964, siku hiyo, Tanganyika na Zanzibar zikawa nchi moja. Mwaka 2018, siku hiyohiyo, Rais John Magufuli alisimama Uwanja wa Jamhuri kwenye sherehe za Muungano akatangaza kwamba Dodoma si manispaa tena, ni jiji. Nilidhani watu wa Makole na Chang'ombe tungeanza kuihesabu kama siku yetu ya kuzaliwa. Wapi! Mwulize bodaboda yeyote pale Sabasaba jiji lilizaliwa lini. Atakutajia 1973, TANU, chama tawala cha wakati huo, ilipoamua makao makuu yahamie huku, au 2016, Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahama kweli. Aprili 26 ni ya Muungano, basi.

Tarehe moja ni kama kigoda: wakikutana wawili, mmoja ataishia kukaa chini. Na anayekalia si lazima awe mkubwa, wala aliyetangulia kufika. Ni yule mwenye gwaride, jukwaa na bajeti.

Chukua Februari 5. Siku hiyo mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa rasmi, baada ya Halmashauri Kuu ya TANU kulipitisha Arusha mwishoni mwa Januari. Kesho yake benki zikataifishwa. Miaka kumi baadaye, Februari 5, 1977, TANU na ASP, chama tawala cha Zanzibar, zikaungana kuwa Chama Cha Mapinduzi. Hapo hakuna bahati nasibu. Siku ilichaguliwa ili chama kipya kizaliwe kikiwa kimeshika mkono wa Azimio. Kwa maana hiyo ilikuwa heshima, na heshima kubwa.

Lakini angalia kilichofuata. Ikifika Februari 5 siku hizi, mji unajaa kijani na njano, mabasi yanashusha wanachama, redio zinazungumzia miaka ya chama. Azimio linatajwa kwa sentensi moja, likitajwa. Naelewa kwa nini. Azimio lilimtaka kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991 kwenye kikao cha Zanzibar. Leo kuyasoma kwa sauti kwenye mji huu, ambako viwanja na kodi za nyumba ndiyo mazungumzo ya kila kijiwe, ni kumtia mgeni rasmi majaribuni. Mtoto amekalia kigoda cha mzazi, na mzazi hana wa kumtetea.

Desemba 9 mambo yamegeuka: mkubwa ndiye kamfunika mdogo. Uhuru ni 1961. Mwaka mmoja kamili baadaye, Desemba 9, 1962, Tanganyika ikawa Jamhuri na Nyerere akawa Rais. Katikati ya hapo mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia wa Uingereza. Kwangu mimi hilo la pili ndilo lililokata kamba, lakini ni nani anaandika bango la Jamhuri?

Siku ninayoiona imefaulu kubeba wengi ni Julai 7. TANU ilizaliwa siku hiyo mwaka 1954, na sisi hapa tuna soko na mtaa mzima unaoitwa Sabasaba. Wakenya nao wana Saba Saba yao, ya 1990, watu walipokusanyika Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi wakatawanywa kwa nguvu. Halafu mwaka 2021 UNESCO ikaitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa sababu ya TANU na kazi iliyoipa lugha hii wakati wa kudai uhuru. Hakuna aliyemsukuma mwenzake, labda kwa sababu kila mmoja ana watu wake wa kumkumbuka.

Wasiokuwa na watu ndio wanaonisumbua. Kwenye makundi ya WhatsApp kuna zile orodha za "Leo katika historia", zilizotafsiriwa harakaharaka kutoka mitandao ya nje. Aprili 12 utaambiwa Yuri Gagarin alikwenda anga za juu mwaka 1961. Kweli. Lakini Aprili 12, 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine alitoka hapa Dodoma kwa gari kwenda Dar es Salaam, akafa kwa ajali Dakawa, Morogoro. Kwa bahati nzuri Sokoine ana jina, shule, barabara na misa ya kila mwaka. Orodha ikimsahau, watu watamwongeza.

Juni 24 je? Orodha itakupa Napoleon akivuka kuingia Urusi mwaka 1812, na siku ya kuzaliwa ya Messi, 1987. Juni 24, 2002, eneo la Igandu, mkoa huuhuu, treni ya abiria ilishindwa kilima, ikarudi nyuma bila breki na kugongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Hao hawakuwa na chama wala cheo. Walikuwa abiria, wenye mizigo na watoto, kila mmoja na safari yake, na hakuna wa kuwaandalia jukwaa.

Tangu 2024 tunapanda treni ya umeme kwenda Dar, tunalalamika kuhusu bei ya chai ndani ya behewa. Ningependa Shirika la Reli lisome tangazo la dakika moja ndani ya treni zote za Dodoma kila Juni 24, Igandu itajwe kwa jina na idadi. Gharama yake ni kipaza sauti, ambacho tayari kimo behewani.