Programu za kurekodi redioni

Waliokua enzi za redio kaseti wanaujua ule wasiwasi: kidole kiko juu ya kitufe cha kurekodi, unamwomba Mungu mtangazaji asifungue mdomo kabla wimbo haujaisha. Mwaka 1983 vijana wa Yugoslavia walikaa hivyohivyo mbele ya redio, ila hawakuwa wakiwinda muziki. Zoran Modli, katika kipindi cha Ventilator 202 cha Redio Belgrade, alikuwa akirusha programu za kompyuta hewani. Masikioni ni mikwaruzo na miluzi, kero tupu. Lakini ukiicheza kanda ile huku redio kaseti imeungwa kwenye kompyuta, unapata mchezo au programu ya hesabu, bila kulipa hata senti. Mawimbi yakitetereka katikati, imekula kwako.

Kompyuta yenyewe, Galaksija, wengi waliiunda wenyewe nyumbani. Kuingiza ya nje kulibanwa na sheria za forodha, basi Voja Antonić akabuni yake, na mchoro wote ukachapwa jaridani ili anayejua kushika chuma cha kulehemu ajaribu.

Sasa, ukiikosea amri, Galaksija ilikujibu: WHAT? Kompyuta ya Belgrade, Kiingereza imekitoa wapi? BASIC yake, yaani lugha ya kuandikia programu, iliokota sehemu za BASIC ya TRS-80, kompyuta ya Marekani ya mwaka 1977. Ile nayo ilitokana na Tiny BASIC, yaani BASIC ndogo, ya Li-Chen Wang, aliyeitoa bure mwaka 1976. Pale ambapo wengine huandika kwamba haki zote zimehifadhiwa, Wang aliandika kwa utani kwamba batili zote zimehifadhiwa: “All Wrongs Reserved” badala ya “All Rights Reserved”. Kazi ya mtu mmoja wa California ikavuka bahari mpaka kwa kijana wa Belgrade, na neno lake moja bado limo mdomoni.

Mwaka huohuo wa 1976 Bill Gates wa Microsoft aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua kali. BASIC ambayo yeye na Paul Allen waliitengenezea kompyuta ya Altair ilikuwa ikinakiliwa ovyo, utepe wa karatasi kwa utepe wa karatasi, maana programu ilihifadhiwa kwa matundu kwenye utepe huo. Alisema muda wa kompyuta walioutumia ulizidi thamani ya dola 40,000, na malipo yao hayakufika dola 2 kwa saa. Wengi humcheka Gates kwa barua ile. Mimi simcheki, maana mali ilikuwa yake na hakuwa amemgawia mtu. Ila alipouliza nani atafanya kazi ya kitaalamu bila malipo, hapo aliteleza: Wang alifanya. Tom Pittman, mwandishi mwingine wa programu, naye aliuza Tiny BASIC yake kwa dola 5, na watu wakalipa.

Kugawa chako ni jambo moja, kugawa cha mwenzio ni jingine, na sisi tumeyatia chungu kimoja. Juzi nilipeleka laptopu kwa fundi. Akaanza kuniwekea programu ya ofisi iliyovunjwa kufuli, ya flashi. Nikamwambia aache, aniwekee LibreOffice, programu ya ofisi ambayo wenyewe wanaigawa bure.

Akanitazama kwa huruma. “Bosi, si ile ya bure ile? Acha nikuwekee ya ukweli.”