Namba moja ya sauti haiwezi kubeba kazi tatu

Muziki wa gemu ukisumbua, watu hukimbilia faili. Wanabadilisha mp3 kuwa ogg, wanapakua wimbo upya, wanailaumu simu. Mara nyingi faili halina kosa lolote. Kosa liko kwenye msimbo, pale namba moja ya sauti inapotumikishwa kwa kila kitu: uamuzi wa mchezaji, marekebisho ya wimbo wenyewe, na kufifisha, yaani kushusha au kupandisha sauti taratibu.

Chukua Godot, injini ya kutengenezea gemu. Sauti ya AudioStreamPlayer, kichezeshi chake cha sauti, hupimwa kwa desibeli kupitia volume_db: 0 ni wimbo kama ulivyorekodiwa, -80 ni kimya kwa sikio la kawaida. Mtu anaandika wimbo ushuke kutoka 0 hadi -80 kwa sekunde nne, akitegemea utafifia taratibu. Sekunde ya kwanza ikiisha wimbo uko -20, yaani ukubwa wa mawimbi umebaki sehemu moja ya kumi. Ya pili ikiisha uko -40, sehemu moja ya mia. Anayesikiliza anaona wimbo umedondoka ghafla, kisha kimya mpaka wimbo mwingine uanze. Wakati wa kupandisha mambo yanageuka: kimya kirefu, halafu muziki unamlipukia masikioni. Fifisha namba iliyo kati ya 0 na 1, kisha igeuze kuwa desibeli kwa linear_to_db kabla ya kuipeleka kwa kichezeshi.

Nyimbo mbili zikipishana nazo zina mtego wake. Moja ikishuka na nyingine ikipanda kwa mstari ulionyooka, katikati kila moja iko 0.5, na nguvu ya jumla inapungua kama desibeli 3. Sikio linalisikia pengo hilo. Tumia kosaini kwa unaoshuka na saini kwa unaopanda; katikati kila mmoja utakuwa karibu 0.707 na pengo litazibika.

Lakini linaloniuma zaidi ni uamuzi wa mchezaji kufutwa. Mtu ameweka muziki asilimia 30 kwa sababu anacheza usiku, mtoto amelala chumba hicho hicho. Wimbo unabadilika, fifisho linapanda na kuishia kwenye 1, basi nyumba nzima inaamka. Huko ni kumkosea heshima mtu aliyekwisha kukuambia anataka nini. Fifisho halina ruhusa ya kugusa namba ya mchezaji. Kwenye Godot, uamuzi wake ukae kwenye bus ya muziki, njia ambayo sauti zote za muziki hupitia, fifisho libaki kwenye kichezeshi. Kama wimbo mmoja ulirekodiwa kwa sauti kubwa kuliko wenzake, upe kipimo chake peke yake kwenye orodha ya nyimbo. Kipimo hicho na fifisho vizidishwe mahali pamoja tu, kabla ya kufika kwa kichezeshi; ya mchezaji inaongezwa na bus.

Kisha kuna fifisho la zamani ambalo halijafa. Mchezaji anaingia vitani na kutoka haraka. Fifisho la kwanza bado linashusha, la pili limeanza kupandisha, na yote mawili yanaandika sauti ya kichezeshi kimoja kila fremu. Ua Tween iliyotangulia (Tween ndiyo inayobadilisha namba taratibu kwenye Godot) kwa kill() kabla ya kuanzisha nyingine, na uanzie pale sauti ilipo sasa hivi, si kwenye 0 wala 1.

Unapotafuta tatizo, chapisha namba hizo tatu pembeni mwa skrini huku gemu ikiendelea. Ya mchezaji ikisogea wakati hakuna aliyefungua mipangilio, fifisho linaiandika. Ya fifisho ikiruka ghafla, huenda Tween ya zamani bado iko hai.