Dodoma haina masika ya Machi

Mwandishi wa makala moja ya kilimo niliyosoma anasema wakulima wa Dodoma wasubiri masika ya Machi ndipo wapande. Hapana jamani, hiyo ni kalenda ya huku Dar, tunaopata vuli Oktoba hadi Desemba na masika Machi hadi Mei. Dodoma msimu ni mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na kwa wastani mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600. Nimelima Kongwa, huko huko Dodoma, kabla ya kuhamia Mbagala hapa Dar. Kinachoumiza zaidi ni ukavu wa katikati ya msimu, hasa Februari, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, yale maua ya juu. Ndiyo maana wazee wetu hawakuacha uwele na mtama. Ukipanda Machi utaambulia mabua. Mlioko Bahi na Chamwino, mnapanda lini siku hizi?